Shangazi Aliyezimika Kabatini

Siku habari za msiba wa Shangazi zilipoenea mtaani, Shangazi mwenyewe alikuwa saluni, amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, anasoma gazeti la zamani. Msusi ndiye aliyempa pole. Alisoma ujumbe kwenye simu yake, akaizima ile mashine, akamshika mama wa watu bega na kumwambia, "Pole mama. Yule binti yenu wa kiwanda cha magodoro amefiwa na shangazi yake." Shangazi akalia. Alilia kwa dhati, kichwa kimejaa vibanio, akaomba maji, akanywa, akalia tena. Ni baadaye, msusi akimtafutia viatu, ndipo alipokumbuka kwamba binti yule ana shangazi mmoja tu.

Lakini ngoja nianze panapostahili.

Binti huyo ni mke wa kaka yangu. Mimi ni wifi yake, naye ni wifi yangu, ndivyo tunavyoitana tangu aolewe kwetu, na katika nyumba ya fundi wa mitandao jina hilo lina adha zake. Mgeni anafika, hata hajakaa, anauliza, "Wifi ipo?" Nami nikiwa jikoni naitika, "Nipo!" Wengine hucheka. Wengine huniomba neno la siri. Wakati huo nilikuwa naishi nao, chumba cha nyuma, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na machache niliyohadithiwa nimehadithiwa na wenyewe waliotendewa.

Kazi ya Wifi ni kuhakikisha kompyuta za kiwanda cha magodoro zinaelewana. Ofisi ya mauzo izungumze na ghala, ghala lizungumze na mashine za kukatia sponji, mkurugenzi azungumze na dunia nzima. Kazi yake aliijua na hakuna aliyemlalamikia. Kilichomchokoza ni siku mtandao wa kiwanda ulipogoma kabisa, akaletwa mtaalamu kutoka nje. Mtu yule aliingia bila kumsalimia hata mlinzi, akaketi, akaandika mistari michache, mtandao ukarudi. Watu wazima na suti zao wakampigia makofi. Wifi akaitazama ile mistari, akagundua haelewi hata mmoja.

Alirudi nyumbani amenuna. Chakula kikapoa mbele yake, na hatimaye akasema, "Nataka kile cheti cha juu kabisa. Chenye mtihani wa vitendo wa siku nzima."

"Cheti cha nini?" kaka yangu akauliza. Kaka yangu ni mwalimu wa udereva, mtu ambaye kwake hakuna jambo lisilohitaji breki.

"Cha mitandao."

"Sawa. Utasoma vitabu."

"Vitabu havitoshi. Lazima nijenge mtandao hapa nyumbani, niuvunje, niujenge tena, mpaka mikono izoee."

"Hapa nyumbani wapi?"

Wifi akageuza macho taratibu kuelekea kabati la vyombo.

Kabati lile la vioo lilikuwa fahari ya sebule. Ndani yake kulikuwa na glasi ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzinywea, na birika moja la maua lililokuwa linafutwa vumbi kama mtoto anayeogeshwa. Wiki hiyo hiyo vyombo vilihamia chini ya kitanda changu, na kabatini zikaingia ruta na swichi, mitambo ile inayopokea mawasiliano na kuyaelekeza yanakotakiwa kwenda. Alizitoa kwenye ofisi moja ya bima iliyokuwa inafungwa. Wenyewe waliziona vyuma chakavu, na sikuwalaumu. Moja ilifika na buibui ndani, akiwa na familia yake.

Alipoziwasha kwa mara ya kwanza kaka yangu alitoka bafuni na povu kichwani, akidhani ndege inaangukia nyumba. Vyuma vile vimetengenezwa vikae kwenye chumba chenye kufuli mbali na watu, na feni zake hazikujua adabu ya sebuleni. Ikabidi sote tuzoee kupayuka. "Nipe chumvi!" ilisemwa kwa sauti ya mnadani. Kaka yangu akaanza kupayuka hata garini, na mwanafunzi mmoja mwoga, aliyekuwa akirudia somo la kurudi nyuma kila juma, alifaulu ghafla ili tu ashuke. Joto nalo likawa na faida zake. Nguo zilikaukia kwenye viti vya sebule, na unga wa mkate ukiuweka juu ya kabati uliumuka kabla hujageuka. Tatizo likawa pasi. Ukiiwasha pasi wakati mitambo inafanya kazi, umeme wa nyumba nzima unakatika. Kaka yangu akawa anakwenda kazini na shati lililokunjamana kama karatasi iliyokwisha tupwa, na akiulizwa anajibu, "Mke wangu anasoma."

Sasa, vitabuni mitambo hupewa namba tu, na Wifi, mikono ikiwa imejaa kebo, alikuwa anasahau namba gani ni ipi. Akakata karatasi za kunata, akaandika majina ya watu asioweza kuwasahau: Baba, Mama, Bibi, Mjomba, Shangazi, Baba Mkwe. Akayabandika. Ruta kubwa kuliko zote, nzito, ya zamani, inayopata joto upesi, ndiyo aliyoipa jina la Shangazi.

Na lugha ya fani yenyewe haikusaidia. Ruta mbili zikiunganishwa hutumiana salamu kila baada ya muda fulani. Zikiitikiana, zinaitwa majirani. Mmoja akinyamaza muda ukapita, mwenzake anatangaza kwamba jirani amekufa. Sitanii, ndivyo inavyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Wifi alikuwa na mwenzake wa masomo, mwanamume wa mji mwingine ambaye hatukuwahi kumwona. Tulimwita Besi kwa sababu ya sauti yake. Jumamosi walikuwa wakifanya mazoezi pamoja kwa simu, simu ikiwa juu ya kabati kwa spika, Wifi akipayuka kuzishinda feni. Na Jumamosi ninayoizungumzia, dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na chini ya dirisha lile hukaa fundi cherehani, jirani yetu, mtu mpole mwenye masikio makali na moyo mwepesi. Alichokisikia ametusimulia mara nyingi sana, kwa hiyo nakitoa kama alivyokitoa.

"Besi! Shangazi amekufa!"

"Tena?" sauti nzito ikauliza.

"Safari hii sidhani kama ataamka! Mjomba anasema hamwoni kabisa!"

"Na Bibi?"

"Bibi bado anamsubiri, lakini naye muda wake unakaribia kwisha!"

"Sasa unangoja nini? Mtoe, mweke mwingine!"

"Ndiyo namvuta hapa, amenasa kabatini!"

Fundi cherehani aliinuka na suruali ya mteja begani, akaenda kumwambia muuza duka, na muuza duka ana simu iliyojaa watu.

Mimi nilikuwa uani nafua. Nilipopita mbele kwenda kuanika, nikakuta viti vya plastiki vimepangwa, watu wameinamisha vichwa, na mwenyekiti wa mtaa amevaa koti. Nikajua ni mkutano wa takataka. Nikasalimia, nikaendelea kuanika soksi za kaka yangu mbele ya waombolezaji, na wao wakanitazama kama mtu asiye na moyo.

Wifi akatoka ndani na bisibisi mkononi, macho mekundu kwa vumbi. Alipouona umati, alidhani wamekuja kulalamikia kelele.

"Jamani, najua kilichowaleta," akasema, "na naomba mnisamehe. Nilijua tu siku moja mtakuja."

"Usijilaumu," mwenyekiti akamwambia kwa upole. "Pole sana kwa Shangazi."

"Kumbe mmesikia na hilo?"

"Mtaa mzima umesikia."

"Basi kweli ninapayuka." Akajipangusa uso. "Ahsanteni kwa kujali. Sikutegemea. Watu wengi hawayaelewi mambo haya."

"Ilianzaje?"

"Dalili zilikuwepo. Wiki nzima alikuwa anachemka."

"Na hamkumwonyesha mtaalamu?"

"Mtaalamu wa nini tena? Nilimfungua mwenyewe kwa bisibisi hii. Ndani vumbi tupu. Nikampuliza, nikamrudishia skrubu zake, nikamwasha. Wapi!"

Mwenyekiti alikitafuta kiti kwa mkono wa nyuma, akajishusha juu yake taratibu. Kilikuwa kidogo kuliko yeye. "Na sasa hivi... yuko wapi?"

"Kabatini. Nusu ndani, nusu nje. Kama kuna wanaume wawili wenye nguvu waje wanisaidie kumtoa, nitashukuru, mgongo wangu umekwisha."

Hakuna mwanaume aliyeinuka.

"Lakini msihuzunike hivyo," Wifi akaongeza, maana zile nyuso zilimtia huruma. "Nimeshapata mwingine. Ametumika, ila mzima."

Hapo ndipo Mjomba alipoingia. Mjomba ni kaka wa mama yake Wifi, mkaguzi mstaafu wa mizani za sokoni, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali kilo ambayo si kilo. Yeye na Shangazi walikuwa hawasemezani tangu harusi ya Wifi. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akasimama katikati ya viti. Wifi akafungua mdomo, naye akamwinulia mkono.

"Usinikatize, mama. Nikinyamaza sasa sitasema tena. Jamani, siku ya harusi ya mpwa wangu huyu, mimi na marehemu tuligombania kiti cha mbele kwenye gari la maharusi. Nikakaa mimi. Yeye akakaa nyuma, keki mapajani, na kila kona ile keki ilimlalia. Tangu siku hiyo hatujasalimiana. Leo nasema mbele yenu nyote: kiti kile kilikuwa chake. Mimi nilikuwa mshari tu."

"Rudia," ikasema sauti kutoka getini.

Shangazi alikuwa amesimama pale, vibanio kichwani, taulo la saluni mabegani, uso umevimba kwa kulia.

Sijawahi kuona watu wakiondoka namna ile. Fundi cherehani aliruka ua ambao siku zote anasema magoti yake hayauwezi. Muuza duka alipita katikati ya kamba yangu ya nguo na kuondoka na soksi. Kufumba na kufumbua uwanja ulibaki viti tu, na Mjomba, na mwenyekiti, ambaye naye angeondoka ila kiti kilikuwa kimemng'ang'ania kiunoni.

"Rudia ulichosema," Shangazi akasema tena.

Mjomba akavaa kofia yake. "Nilisema vile kwa sababu umekufa."

"Nimekufa wapi?"

"Basi kama hujafa, nafuta."

"Hufuti! Watu wote wamesikia!"

"Watu gani?" Mjomba akaonyesha uwanja mtupu.

"Mimi nimesikia," mwenyekiti akasema kwa unyonge, akihangaika kujinasua.

Ilichukua muda kuwaeleza. Wifi aliwaingiza sebuleni wote watatu, mwenyekiti akiwa bado na kiti chake nyuma, akawaonyesha ruta zile na karatasi zake. Shangazi akainama mbele ya kabati kwa muda mrefu. Tulijiandaa kwa lolote.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

"Mbona niko chini kabisa?"

"Ni kwa sababu ndiyo nzito."

"Nzito."

"Yaani imara. Inawabeba wengine wote."

"Na huyu Mjomba hapa juu, mwepesi, anayemeta taa za kijani, anafanya nini cha maana?"

"Yeye anapitisha tu mawasiliano."

"Nilijua," Shangazi akasema. Akasimama wima, akashika kiuno. "Sikiliza mwanangu. Mimi sitakufa kwa vumbi nyumbani kwa mtoto wa kaka yangu. Huyu atatengenezwa."

Na akatengenezwa kweli. Kumbe ni feni tu iliyokuwa imekwama. Besi alielekeza kwa simu, Wifi akafungua, Shangazi akashika tochi na kutoa maoni. Ile ruta ilipowaka Shangazi alipiga vigelegele, na nje fundi cherehani akafunga dirisha lake.

Kuanzia hapo Shangazi akawa haondoki. Kila mchana anakuja kumwangalia "mwenzake" anavyoendelea. Akajifunza taa: kijani ni heri, rangi ya chungwa ni mashaka. Mjomba aliposikia kwamba Shangazi anashinda na funguo za nyumba yenye ruta yenye jina la Mjomba, hakuweza kutulia. Naye akaanza kuja, kulinda maslahi. Viti vyote vilikuwa vimejaa nguo na kebo, kwa hiyo walilazimika kukaa kwenye sofa moja. Na kwa sababu ya zile feni, ili kumnunia mwenzako vizuri ilibidi umwambie kwa sauti kwamba umenuna.

"Sisemi na wewe!" Shangazi alipayuka.

"Nini?"

"Nasema sisemi na wewe!"

"Hata mimi!"

Jioni moja Wifi aliwaeleza kwa nini ruta ya Shangazi na ya Mjomba zimekataa kuwa majirani ingawa kebo ni nzima. Moja imepangwa kusalimia upesi upesi, nyingine imepangwa kusubiri sana kati ya salamu na salamu. Zisipokubaliana muda wa kusalimiana, haziwezi kuwa majirani hata zikae zimebanana.

"Nani anachelewa kusalimia?" Shangazi akauliza papo hapo.

"Si suala la nani, Shangazi. Ni mpangilio tu."

"Ni yeye."

Mjomba akakohoa. "Kisheria, anayeingia ndiye anayesalimia. Mimi nilikuwa nimeshakaa."

"Ulikuwa umeshakaa kwenye kiti changu!"

Ugomvi ukahamia kabatini. Wifi alianza kurudi kutoka kazini na kukuta mtandao wake umekufa kwa namna ambazo hakuna kitabu kilichowahi kuzifikiria. Mjomba, akiona Shangazi amekwenda jikoni, alichomoa kebo ya ruta yake na kuichomeka nusu, ionekane imeingia. Shangazi akalipiza: akachukua kebo moja, ncha zote mbili akazichomeka kwenye swichi ile ile, na mtandao mzima ukawa unajizungukia wenyewe kama mbwa anayekimbiza mkia, taa zote zikiwaka kwa kichaa. Siku nyingine Mjomba alibadilisha karatasi za majina, Bibi akawa Baba Mkwe, na Wifi alitumia jioni nzima kutengeneza ruta ambayo haikuwa na kosa. Shangazi alipachika kibanio cha nywele kwenye tundu la kebo. Wote wawili, wakiulizwa, walitazama dari.

Mwanzoni Wifi alilia. Alikaa sakafuni, miguu kaitanua, akasema anawafukuza. Kisha nikaona kitu. Siku hadi siku alikuwa anaingia, hata mkoba hajaweka, anazitazama zile taa, anaandika amri moja mbili kwenye kompyuta, na bila kugeuka anasema, "Mjomba, rudisha kebo ya Mama." Alikuwa anawanusa. Besi alimwambia kwa simu, na wivu ukisikika wazi katika ile sauti, "Mimi ninajivunjia mwenyewe, halafu najifanya sijui nimevunja wapi. Wewe una watu!"

Siku ya mtihani tulikwenda wote wawili kumsindikiza, kaka yangu na mimi, katika mji mwingine, kwa gari la shule ya udereva, maana ndilo lililokuwepo. Lina neno MWANAFUNZI juu ya paa na breki mbili. Kaka yangu aliendesha kwa kufuata kila kibao kilichowahi kusimikwa na serikali. Malori yalitupita. Baiskeli ilitupita, na mwenye baiskeli akamwonyesha kaka yangu dole gumba la kumtia moyo. Wifi akiwa kando yake, kwenye kiti cha mwalimu, alikuwa na wasiwasi hata mguu wake ukawa unakanyaga breki ya pili bila yeye kujua, na kaka yangu njia nzima anashangaa gari limekuwa zito.

Ndani ya chumba cha mtihani, kwa jinsi alivyotusimulia, kilichomshinda kwanza ni ukimya. Watahiniwa wachache, zulia, vioo vya kompyuta. Mitambo yenyewe iko mbali, huisikii. Alikaa mbele ya swali la kwanza akasikia damu masikioni. Hakuweza kufikiri. Akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, kile kiyoyozi hakifanyi kazi?"

"Kinafanya, lakini kinapiga kelele kama mashine ya kusaga kokoto," msimamizi akamnong'oneza. "Watu walilalamika, tukakizima."

"Naomba ukiwashe."

"Kuna joto?"

"Hapana. Naomba zile kelele."

Wengine wakapewa vizibo vya masikio, kiyoyozi kikawashwa, na akili ya Wifi ikarudi mahali pake. Akatiririka. Ilipofika sehemu ya kutafuta makosa, alikuta ruta mbili zisizosemezana na kebo zake nzima. Akacheka kwa sauti, akaonywa. Alimaliza kabla ya muda, akatoka akitembea kama mtu mwenye nyumba yake mwenyewe.

Matokeo yalikuja kesho yake, tukiwa njiani kurudi. Amefeli.

Maelezo yaliyoambatana na matokeo yalikuwa mafupi, na alihitaji kuyarudia ili ayaamini. Sehemu ya makosa alipata vizuri mno. Sehemu ya kujenga alipata sufuri karibu yote, kwa sababu mitambo iliyotajwa kwenye mtihani haikuonekana. Maana yeye, kwa mazoea, kabla ya kuanza kujenga alikuwa ameibadilisha majina. Kompyuta ya kusahihishia ilikwenda kuitafuta ruta namba nne, ikamkuta Shangazi.

Tulipofika nyumbani hakushuka garini. Alikaa pale, MWANAFUNZI juu ya kichwa chake, mikono mapajani, macho kwenye ukuta. Kaka yangu alimletea chai, akaiacha kwenye boneti. Nami nilijaribu maneno mawili matatu, yakaanguka. Ndipo Shangazi akaja, akagonga kioo kwa pete yake mpaka kikashushwa.

"Aliyekusahihisha ni mtu?"

"Ni kompyuta, Shangazi."

"Ikanitafuta ikanikosa."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwepo pale pale."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwa nafanya kazi?"

"Vizuri kabisa."

"Basi iliona aibu kuuliza," Shangazi akasema. "Shuka, mwanangu, unywe chai. Hujafeli. Mmepishana."

Wifi aliangua kicheko, kikamgeukia kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko, na akashuka.

Aliurudia mtihani baada ya miezi kadhaa. Safari hiyo Shangazi na Mjomba waling'oa zile karatasi za majina wenyewe, kwa sherehe ndogo, na kuandika namba, na kila Wifi akisahau na kusema "Mjomba" wakimfokea pamoja, "Namba tatu!" Alikwenda kwa basi, peke yake, akarudi amefaulu. Kiwandani mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi, akasoma hotuba, akampa mkono mbele ya kila mtu, na kabla hajauachia ule mkono akamwomba apite mapokezi akaangalie printa, inakula karatasi.

Mitambo tulikipa chuo cha ufundi. Shangazi ndiye aliyekataa ya kwake iondoke. Iko kwake hadi leo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake amepandisha redio. Mjomba hupita kuikagua. Akifika mlangoni husimama, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusalimia, na wakishachoka kusimama husalimiana kwa pamoja.

Siku lori la chuo lilipoondoka, mimi na Wifi tulikaa sebuleni peke yetu. Masikio yalikuwa yanavuma. Sofa lilikuwa tupu, na lilionekana kubwa kupita kiasi. Wifi akanyoosha miguu juu ya meza, akaniangalia kana kwamba nimetoka safari.

"Haya wifi, nipe habari. Sijui hata mnaishije siku hizi. Wewe vipi?"

"Mimi nimechumbiwa."

Akashusha miguu. "Lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia. Ulikuwa mbele ya kabati, umeshika kebo. Nikakwambia, wifi, kuna mtu anataka kunioa, tumlete lini?"

"Nikasemaje?"

"Ukasema, sawa, mweke pembeni kwanza, nimalize na huyu."

Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamweka pembeni," nikasema. "Anasubiri. Anauliza kama sasa anaweza kuja."